Jembe na Nyumba: Wagombea Walipopanda Gari Moja

Kati ya mwaka 1965 na 1992, mgombea ubunge wa jimbo la vijijini Tanzania Bara hakuwa na gari lake la kampeni, hakuwa na jukwaa lake, wala hakujipangia siku ya mkutano. Alikuwa na mpinzani wake tu. Walipakiwa pamoja kwenye Land Rover ya wilaya, wakashushwa pamoja wakiwa na vumbi lile lile kwenye kope, wakakaa benchi moja mbele ya wananchi wale wale, wakaulizwa maswali yale yale. Mmoja alama yake ilikuwa jembe, mwingine nyumba. Vijana niliowafundisha wanapokuja kunisalimu na kunikuta nikieleza habari hizi, hucheka wakidhani mwalimu wao ameanza kutunga.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kwimba, mkoani Mwanza. Kazi yangu yote niliifanyia vijijini, na mwalimu wa kijijini ndiye karani wa kila jambo. Ukija uandikishaji wa wapiga kura anaitwa yeye. Ukija mkutano wa hadhara kalamu anapewa yeye. Siku ya kura anakaa kituoni mpaka sanduku lifungwe. Kwa hiyo ninachokisimulia ni historia ya jambo dogo ambalo wataalamu wa siasa hulipita mbio: mgombea wa kijijini alisema nini juu ya maji, pamba, ng'ombe na kodi, na ni utaratibu gani uliombana mpaka akasema.

Habari haianzii kwenye jembe. Katika uchaguzi wa 1958–59, ule wa kura tatu, baba yangu hakupiga kura. Masharti yalitaka uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa pamba wa kawaida hakuwa na hata kimoja. Na aliyekuwa nacho alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo: Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, Mwafrika mmoja. Tena kwetu Usukumani chama cha TANU chenyewe kilinyimwa kibali cha kufanya kazi tangu 1954 hadi 1958. Mambo yaliyokuwa yakiwakera wakulima yalikuwa tele: amri ya kulima matuta, amri ya kupunguza ng'ombe, bei ya pamba, na juu ya yote mizani ya wanunuzi. Hayo yote hayakuwa na mgombea wa kuyabeba.

Yalibebwa na ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani walianza kuwaweka wapimaji wao wenyewe wasimame kwenye duka la mnunuzi na kuhakiki mizani yake. Baba alikuwa akinionyesha kwa mkono jinsi mchezo ulivyochezwa: gunia limekaa juu ya mizani, karani anaegemea kidogo kama mtu aliyechoka, na goti lake linabeba ratili kadhaa za jasho lako. Ukimwuliza, anakuambia pamba yako ni fifi, si safi, na bei inashuka mara ya pili. Kutokana na hasira hizo vikatokea vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa kijana aliyeitwa Paul Bomani. Kufikia mwisho wa muongo ule ushirika huo ulikuwa ukinunua pamba ya Kanda ya Ziwa na kumiliki vinu vya kuichambua. Mtu akitaka kujua siasa ya vijijini ilizaliwa wapi kwetu, asiitafute Bungeni. Aitafute kwenye mizani.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuja na ushindi mkubwa wa TANU: viti 70 kati ya 71. Lakini viti 58 kati ya hivyo vilipata wabunge bila kura hata moja kupigwa, kwa sababu hawakupingwa. Kiti kimoja kilichoiponyoka TANU kilikuwa Mbulu, jimbo la wakulima na wafugaji, ambako Herman Sarwatt, mwana-TANU mwenyewe, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama akamshinda. Watu wengi huisoma habari hiyo kama kichekesho cha historia. Mimi naiona kama onyo la mapema. Mgombea asiye na mpinzani hahitaji kusema lolote juu ya kisima cha mtu, na wananchi wa Mbulu walitaka mtu wa kuwajibu wao.

Mwalimu Nyerere aliliona. Alishaandika kwamba chama kikiwa kimoja na mgombea akawa mmoja, mwananchi anabaki hana uchaguzi, ana taarifa tu. Tume iliyoundwa Januari 1964 chini ya Rashidi Kawawa ilizunguka nchi ikipokea maoni, na mwaka 1965 ukaja utaratibu mpya. Chama kingebaki kimoja kisheria, lakini kila jimbo lingekuwa na wagombea wawili. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha wawili, na hao wawili wakaletwa kwa wananchi wote, wawe wana-TANU wasiwe.

Masharti ya kampeni ndiyo yaliyokuwa ya ajabu. Mikutano yote ilipangwa na chama wilayani. Mgombea hakuruhusiwa kuitisha wake. Wote wawili walihutubia mkutano mmoja kwa zamu, kisha wananchi wakauliza. Ilikuwa marufuku kugusa kabila, dini au rangi ya mtu. Ilikuwa marufuku kudai kwamba Rais anamtaka fulani. Na ilikuwa lazima kusema Kiswahili, hata mahali ambapo nusu ya waliokaa chini ya mti hawakuwa wakikisikia vizuri. Hapo kwetu mzee mmoja anayekijua alikaa katikati ya kundi la kina mama, akiwanong'oneza kwa Kisukuma, na wao wakacheka baada ya wenzao wote kumaliza kucheka. Mgombea mmoja alijisahau akafungua kwa "Mwadila!" Uwanja mzima ukamwitikia kwa furaha, na msimamizi wa chama akasimama kumkumbusha sharti. Mpinzani wake alivaa uso wa mtu mwenye huzuni, lakini kila mtu aliona kwamba kwa salamu ile moja mwenzake amevuna kura ambazo hotuba ya nusu saa isingevuna.

Jembe na nyumba zilichaguliwa kwa ajili ya wasiojua kusoma, na zilikusudiwa zisiwe na maana yoyote zaidi ya hiyo. Hiyo ilikuwa ndoto. Mpe mkulima jembe na nyumba halafu mwambie asiwe na maana nazo! Mwenye jembe alisimama akasema: hiyo nyumba mnayoiona ilijengwa na nini kama si jembe? Mwenye nyumba akajibu: ukishalima mchana kutwa, usiku utalala juu ya jembe? Waliouchunguza uchaguzi ule, akiwemo Lionel Cliffe aliyehariri kitabu juu yake, waliona kwamba mwenye jembe alikuwa na bahati kidogo kuliko mwenye nyumba. Sisi watu wa pamba, ambao tulilima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, tulikuwa tukijiuliza kwa nini wasituwekee ng'ombe.

Matokeo ya Septemba 1965 yaliwashtua hata walioutunga utaratibu. Nyerere, mgombea pekee wa urais, alipata kura za ndiyo zaidi ya milioni 2.5, zaidi ya asilimia 96. Lakini wananchi hao hao, kwenye karatasi ya pili, waliwaangusha vigogo. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka nchi nzima kuiombea TANU, aliangushwa Rufiji. Na Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu wa ushirika, mtu wa mizani, aliangushwa Mwanza.

Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu somo la mgombea wa kijijini lote limo humo. Bomani hakuanguka kwa kutojulikana. Aliwajengea wakulima chombo chao. Lakini kufikia 1965 ushirika wenyewe ulikuwa umeota makarani, magari na makato, na mkulima aliyekuwa akilalamikia goti la mnunuzi alikuwa sasa akilalamikia makato ya chama chake mwenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi hata serikali ikaunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika mwaka uliofuata. Wazee wa kwetu hawakusema Bomani mwizi. Walisema, "Ametusahau huko Dar es Salaam." Kwao waziri alikuwa mtoto aliyetumwa mjini na kuchelewa kurudi. Nyerere alimteua tena kuwa mbunge na akampa wizara, kwa hiyo nchi haikumpoteza; lakini ujumbe ulifika, na kila mbunge aliyekuja baadaye alijua kwamba hata Bomani alianguka.

Sasa, mgombea huyo wa benchi moja aliweza kuwa na msimamo gani? Hilo ndilo swali ambalo vijana huniuliza, na ni swali zuri, kwa sababu jibu lake halipendezi. Sera zilikuwa za chama. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mgombea hakuweza kusimama akasema ujamaa haumfai. Alichoweza ni kushindana na mwenzake ni nani atakayeitekeleza sera kwa bidii zaidi, nani mchapakazi zaidi, nani anayeweza kumfikia mkuu wa mkoa na kurudi na jibu. Kwa hiyo mikutano ilijaa zahanati, daraja, barabara, bwana shamba, mbegu. Serikali ilikuwa na mpango wa miaka 20, ulioanza 1971, wa kumfikishia kila mwanakijiji maji umbali usiozidi meta 400 ifikapo 1991. Nilikuwa nikisikia hizo meta 400 katika kila mkutano mpaka watoto wa darasa la tatu wakawa wanazijua kuliko jedwali la saba.

Na palikuwa na ukimya. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena. Ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Mkoani Mwanza operesheni ilikuja 1974. Nimeona nyumba zikiezuliwa paa wenyewe wakiwa ndani wakikusanya vyungu. Nimeona familia ikishushwa kutoka kwenye lori mahali penye mambo matatu tu: nambari, kigingi na jua. Mashamba yalibaki kilomita kadhaa nyuma, minyaa ya uzio ikaota yenyewe kuzunguka maboma yaliyohamwa. Mwaka uleule mvua zikawa haba, na 1975 tulikuwa tukila unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita Yanga. Oktoba 1975 wakaja wagombea wawili, jembe na nyumba, wakakaa benchi moja mbele ya watu waliohamishwa mwaka mmoja tu uliopita. Hakuna aliyesema neno juu ya kuhamishwa. Si kwa kuwa hawakulijua. Wote wawili walijua kwamba wakilisema hawatafika kijiji kinachofuata. Walisema juu ya zahanati. Wananchi nao waliuliza juu ya zahanati, kwa adabu, wakiwaangalia usoni.

Kwa hiyo sisemi zamani zilikuwa njema. Anayetaka kuwarudisha watu kwenye chama kimoja asinitaje mimi kuwa shahidi wake. Benchi lile lilikuwa jema, lakini liliwekwa chumbani ambamo mada kubwa kuliko zote ilikuwa imefungiwa nje.

Hata hivyo, ndani ya chumba hicho finyu nimeona mambo ambayo sijayaona tena. Mwaka 1980, nchi ikiwa imetoka kwenye vita vya Kagera, haina sabuni, haina sukari, haina mafuta, wagombea walikuja katika kijiji nilichokuwa nikifundisha wakati huo. Ushirika ulikuwa umefutwa tangu Mei 1976 na pamba ilikuwa ikinunuliwa na mamlaka ya serikali. Wakulima walikuwa na stakabadhi mikononi na fedha hazijafika. Duka la kijiji lilikuwa na viberiti na chumvi ya mawe. Mtani mmoja alimwomba mwenye alama ya jembe atoe hata jembe moja la kweli, kwa sababu dukani hayakuwepo, na uwanja ukaangua kicheko ambacho hata msimamizi alishindwa kukizuia.

Kisha akasimama bibi mmoja. Kijiji kile kiliwahi kupata bomba na pampu ya dizeli. Pampu ilikuwa kimya kwa muda mrefu, na kina mama walikuwa wamerudi lamboni kuchota maji pamoja na ng'ombe. Bibi hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alichokuwa nacho kilitosha.

"Wanangu," akasema, "nyote wawili ni wanangu, sina wa kumchukia. Bomba ninalo. Maji ndiyo sina. Mmoja wenu aniambie nifanye nini na bomba."

Mwenye jembe alikuwa mtu msomi, mwenye sauti. Alieleza mpango wa maji wa taifa, akazitaja meta 400, akautaja mwaka 1991, akasema serikali ya chama haitawatupa wananchi wake. Akapigiwa makofi, maana makofi yalikuwa wajibu. Mwenye nyumba aliinuka taratibu akakaa kimya kidogo, na nakumbuka nilidhani amekosa la kusema.

"Mama," akasema, "dizeli siwezi kukuahidi. Nchi haina dizeli, na hata gari lililotuleta hapa limesukumwa asubuhi. Ninachoweza ni kisima cha kamba na ndoo. Mkichimba ninyi, saruji nitaihangaikia mimi wilayani. Nisipoileta, mwakani nikija hapa msinikaribishe."

Watu hawakupiga makofi. Waliguna. Bibi alisema, "Haya," akakaa. Niliyaandika yote mawili kwenye muhtasari, na nilipokuwa nikiandika nilielewa utaratibu ule ulikuwa na thamani gani. Majibu mawili yalitolewa kwa swali moja, kwa dakika zilezile, mbele ya watu walewale, na aliyeahidi kidogo alionekana mkubwa kwa sababu tu aliyeahidi makubwa alikuwa ameketi kando yake. Peke yake kwenye jukwaa lake mwenye nyumba angeonekana mtu dhaifu. Kituoni kwetu nyumba ilishinda. Jimboni lilishinda jembe. Ndivyo kura zilivyo.

Mwaka 1985 mada ilikuwa ng'ombe. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, na tangu mapema muongo ule vijiji vya Kahama na Shinyanga vilikuwa vimeanza kujilinda kwa sungusungu, kisha moto ukaenea Usukumani kote. Vijana wenye pinde na filimbi walikuwa wakifuata nyayo za ng'ombe usiku kucha, kijiji hadi kijiji, na aliyekataa kuitikia mwano, yaani yowe la kuitana, alitozwa faini. Walimkamata mwizi, pia waliwapiga na kuwafukuza wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Mgombea alipoulizwa, "Unaunga mkono sungusungu?" alikuwa amewekwa kwenye kona ya kweli, maana polisi na mahakama hazikuwapenda hata kidogo, na wapiga kura waliwapenda mno. Hiyo ilikuwa mada ambayo chama hakikuwa na jibu la kumwandikia. Nilisikia mmoja akisema sungusungu ni sawa mradi watoe taarifa polisi, uwanja ukazomea. Mwenzake akasema sungusungu ndio serikali ya kweli ya kijiji, na uwanja ukashangilia mpaka filimbi zikapigwa. Hakuna aliyesema neno juu ya wale bibi. Sheria ya kuwatambua sungusungu ilikuja mwaka 1989.

Kuna jambo watu wa nje ya kanda hawalikumbuki. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, katika msako uliohusu mauaji ya watuhumiwa wa uchawi. Hakuwa ametenda yeye, aliwajibika. Miaka minane baadaye tulimpigia kura ya urais, na kwetu wazee wengi walisema wazi kwamba wanampigia kwa ajili ya kujiuzulu kule.

Mada nyingine iliyowaponza wengi ilikuwa kodi. Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa 1969, na wazee waliifurahia kama uhuru wa pili. Halmashauri za wilaya ziliporudishwa mwaka 1984, ikarudi pamoja nazo, kwa jina la kodi ya maendeleo. Tangu hapo msimu wa kodi ulikuwa msimu wa mbio. Mgambo walikaa njiani siku ya gulio, baiskeli ikazuiwa mpaka stakabadhi ionekane. Wanaume wazima walilala vichakani. Nilikuwa na mwanafunzi mwerevu aliyekuwa akichelewa kila Jumatatu, na kumbe kazi yake ilikuwa kutangulia njiani kumwangalizia baba yake kama mgambo wapo. Mwaka 1990, uchaguzi wa mwisho wa benchi moja, nilisikia wagombea wawili wakizunguka swali la kodi kama kuku anayezunguka nyoka. Kuifuta hawakuweza kuahidi. Kuitetea hawakuthubutu. Kodi hiyo ilifutwa 2003, na si kwa ahadi ya mgombea yeyote wa kwetu.

Vyama vingi viliingia kisheria Julai 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuwa imekuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka kubaki na chama kimoja, lakini ikapendekeza mabadiliko, na mimi nasema ilifanya vyema. Mada zilizofungiwa nje zikapata mlango. Oktoba 1995 nilimsikia kwa masikio yangu mgombea akisimama hadharani na kusema operesheni vijiji ilikuwa dhuluma. Wazee waliinua vichwa. Walikuwa wamesubiri miaka 20 kusikia mtu akilitamka neno hilo jukwaani.

Lakini vyama vingi vilipoingia benchi lilivunjwa, na hakuna aliyelilia. Kila mgombea sasa alikuja na gari lake, spika zake, wasanii wake, siku yake. Aliyefika leo alimsema asiyekuwepo. Aliyefika keshokutwa alimjibu mtu aliyeshaondoka. Wananchi waligawanyika: wenye fulana za kijani huku, wenye za rangi nyingine kule, na bibi mwenye swali la bomba akawa hana mahali pa kulipeleka, maana mikutano mingi ya kampeni haina tena nafasi ya maswali. Kuna hotuba, kuna muziki, kuna vumbi.

Fedha ziliingia mahali maswali yalipotoka. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, na kijijini tukaielewa upesi kuliko sheria nyingine zote: kanga, kofia, sukari ya msibani, pilau. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sijui ni mwananchi gani wa kijijini anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba pilau ilikoma.

Cha kuchekesha ni kwamba mila ile ya benchi moja haikufa. Imehamia ndani. Kwenye kura za maoni za CCM za 2010 na 2015 nilishuhudia watia nia wakipakiwa kwenye gari moja, wakizungushwa kata kwa kata, wakipewa dakika chache kila mmoja mbele ya wanachama walewale na wakaulizwa. Mmoja aliapa atajenga barabara ya lami, wa pili akamwuliza palepale kwa fedha zipi, na mkutano ukachangamka kwa namna niliyoijua. Chama chenyewe, basi, kinajua kwamba ukitaka kuwapima watu huwaweka bega kwa bega. Ila kinawafanyia hivyo wanachama wake, kisha kampeni yenyewe ikianza kwa wananchi wote, kila mtu na gari lake.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na nalipeleka kwa Tume ya Uchaguzi, kwa vyama vyote na kwa serikali za vijiji. Mikutano yenu na iwe mingi mpendavyo, na muziki wenu uwe mkubwa mpendavyo. Lakini kwa kila kata tupatieni mkutano mmoja wa pamoja, mchana, kwenye uwanja wa shule, wagombea wote wa ubunge wakiwa wamekaa benchi moja. Pasiwe na wasanii. Dakika kumi kumi za kueleza, kisha saa mbili za maswali: maji, pembejeo, bei ya pamba, mipaka ya malisho, michango ya shule. Asiyefika, kiti chake kiachwe wazi watu wakione. Gharama yake ni benchi, na shule ya kijiji ina mabenchi.